Upande Wetu wa Kilima

Kule kambini, mkoani Kigoma, bomba la maji lilikuwa bondeni na nyumba zetu zilikuwa juu. Sijui nani alipanga hivyo. Labda bomba lilitangulia, labda sisi tulitangulia, lakini maji hayapandi yenyewe, kwa hiyo tulipanda sisi. Wakati wa kiangazi ile njia ilikuwa vumbi tu. Masika yakiingia, ule udongo mwekundu uligeuka sabuni iliyoloweshwa. Kila asubuhi ulisikia ndoo zinabingirika bondeni, na baada ya ndoo ulisikia kicheko, maana kila aliyekwisha kuanguka alisimama pembeni kumngojea mwenzake naye aanguke. Tulikuwa hatuna redio.

Kulikuwa na msichana mmoja ambaye hakuanguka. Ndoo kichwani, mikono imeshuka, anateremka na kupanda kama mtu anayetembea sebuleni kwake, na sebule hatukuwa nazo. Siri yake ilikuwa vidole. Alivielekeza ndani kidogo, akatanguliza kidole gumba, akauuliza udongo kwanza, ndipo akaweka uzito. Mimi nilikuwa kijana nataka kuonekana. Siku moja nikaamua kumpita kwa mbio. Nilimpita, ni kweli, lakini kwa mgongo. Nilikwenda na dumu langu mpaka chini kabisa, nikaishia kwenye miguu ya akina mama waliopanga foleni. Yule msichana akafika taratibu, akatua ndoo, akaniangalia pale nilipolala, akasema, "Kaka, foleni inaanzia nyuma."

Yule msichana ni Anastazia, ambaye leo ni Mama Devota, mke wangu. Mtaniuliza, mzee, bomba la Kigoma linahusiana nini na theluji? Subirini. Mimi nikianza safari napitia kwa majirani wote.

Sababu ya kuandika ni Eliya. Ninyi wa kilimani mnamjua, ndiye anayesimama sasa pale juu kwenye mifereji ya tyubu, mahali niliposimama mimi. Kwa wasiomjua, ni baba wa watoto wawili, Mrundi mwenzangu, ana sauti ya kwaya na soksi zisizofanana. Alinipigia simu huku Louisville wakati wa mapumziko yake ya chakula akaniuliza mambo mawili. La kwanza, mvua ikinyesha halafu baridi ikapiga, mifereji inatengenezwaje. La pili, "Mzee, mbona uliondoka bila kuaga?" Nikaanza kumjibu la kwanza, na mapumziko yake yakaisha kabla sijaifikia mvua. Binti yangu Devota alikuwa anasikiliza. Akasema, "Baba, andika." Mimi shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe vita vililikata katikati. Kwa hiyo naandika kama ninavyoongea. Atakayekuta kosa alihesabu ni langu, aendelee.

Tulipoletwa Amerika tulishukia hapa hapa Louisville. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali. Kuna joto mle ndani hata ukasahau mwezi. Theluji niliiona mara ya kwanza nikitoka zamu ya asubuhi. Nikasimama mlangoni na wenzangu wananisukuma kutoka nyuma. Lakini theluji ya Louisville ni mgeni mwenye adabu: inafika asubuhi, inasalimia, mchana inaaga. Mama Devota aliipenda. Aliichota kwenye sufuria akaichungulia ikiyeyuka, akasema, "Kelele zote zile, kumbe ni maji."

Baadaye kazi ikapungua tukaenda Columbus. Tulipanga karibu na Westerville, na ghala nililofanyia kazi lilikuwa Hilliard, kwa hiyo maisha yangu ya Columbus nimeyamaliza barabarani. Ghala lilikuwa la maboksi. Sitawachosha nalo, boksi moja ni kama jingine. Ila pale ndipo nilipopata elimu yangu ya barafu. Bosi aligundua kwamba nafika mapema kuliko wote, tabia ya foleni ya bomba hiyo, akanikabidhi ndoo ya chumvi. Kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ya winta ikawa kumwaga chumvi kwenye maegesho na ngazi ili watu wasianguke. Nilimwaga kwa mkono, kwa kuzungusha kiwiko, kama mtu anayepanda ulezi. Nilisifiwa. Nilijifunza somo moja nikalishika kama amri ya kanisani: barafu ni adui, chumvi ni dawa yake.

Hilo somo ndilo lililoniponza.

Buffalo tulikwenda kwa ajili ya mke wangu, naomba mlishike hilo, maana baadaye litageuka. Dada yake mkubwa, Yosefina, alikuwa anakaa Kenmore, akapasuliwa nyonga, hana wa kumwinua kitandani. Mama Devota hakuuliza, alifunga mizigo. Devota alikuwa ameolewa na kurudi Louisville, tukabaki wawili tu. Pale Buffalo mwenzangu mmoja wa kanisani akaniambia kuna mji mdogo kusini, kwenye vilima, winta wanachukua watu wa kazi, na vani inawapitia asubuhi. Nikamwambia mimi skii sijui. Akacheka. "Nani kakuambia ni skii? Hiyo ni upande wa pili."

Na ndivyo ulivyo ule mji. Una barabara moja, kanisa lenye paa la ncha, duka la vyuma, na kilima chenye pande mbili. Upande mmoja ni wa wenye skii, zile mbao ndefu za miguuni, watu wembamba wenye haraka. Upande wetu ni wa waliobaki: mabibi, watoto, waoga, wenye goti bovu, na wachumba wasiojuana vizuri. Huko kuna mifereji ya kuteremkia kwa tyubu, yaani mipira ile ya ndani ya tairi, mikubwa, mtu anakaa katikati kama kuku kwenye kiota. Kuna uwanja wa barafu wa viatu vya kisu, vile vya kuteleza. Kuna farasi wawili wanaovuta kigari kisicho na magurudumu, wana kengele shingoni. Kuna njia ya msituni ya kutembea na viatu vipana kama nyungo. Na kuna bwawa ambalo wazee wametoboa mashimo wanavua samaki, kila mmoja amekalia ndoo yake iliyopinduliwa. Nilipoziona zile ndoo moyo wangu ulitulia. Nikasema, mahali penye ndoo naweza kufanya kazi.

Siku ya kwanza nilifika kabla ya wote. Mlango wa banda la vifaa ulikuwa wazi, mifuko ya chumvi imepangwa. Nikatazama nje, nikaona kitu ambacho kwa macho ya Hilliard kilikuwa hatari kubwa kupita zote nilizowahi kukutana nazo: barafu pana, laini, inang'aa, na saa chache zijazo watoto watapita hapo. Nikasema moyoni, hawa watu wana bahati nimekuja. Nikabeba chumvi. Nikaupanda ulezi uwanja mzima wa barafu, kona hadi kona, kwa uangalifu, sikuacha pengo.

Wa kwanza kuniona alikuwa Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu anayeuza chokoleti ya moto kwenye kibanda. Alisimama na birika mkononi.

"Bon, muzee, uko unafanya nini? Unatia chumvi mu barafu? Donc hii ni sombe, tuko tunapika?"

"Mama, watoto wataanguka."

"Wanalipa juu ya kuanguka, muzee! Ndiyo kazi yetu!"

Akacheka mpaka akaliweka birika chini. Tangu siku hiyo mpaka ya mwisho hakuniita jina langu. Aliniita Muzee Sombe, yaani mzee kisamvu, na watu wapya walidhani ndilo jina la ukoo.

Halafu akaja Leni. Huyo ndiye mwalimu wangu, kwa hiyo nitakaa kwake kidogo. Alikuwa mzee wa pale pale mjini, mrefu, masikio mekundu, na maneno yake unaweza kuyabeba kwenye kikombe. Aliusimamia upande wetu wa kilima tangu ujana wake. Aliangalia uwanja, ukiwa umeanza kutoka vidonda kama ndui. Akavua kofia. Akaivaa tena. Nikajua vani ya jioni itanirudisha moja kwa moja. Hakupiga kelele. Alikwenda bandani akarudi na makoleo mawili, akanipa moja, tukakwangua pamoja mpaka mchana, tukatupa ile supu yote ya chumvi mbali na uwanja. Tulipomaliza akapiga magoti, akaweka kiganja wazi juu ya barafu iliyobaki, akaniambia maneno ambayo hata Kiingereza changu cha wakati ule kiliyafikia: "Huko kote hawaitaki. Hapa tunaitaka."

Basi sikilizeni, hapa ndipo kazi ilipo. Barafu ya kuchezea inajengwa kama mtu anavyopaka nyumba chokaa: tabaka jembamba, subiri, tabaka jembamba, subiri. Ukimwaga maji mengi kwa pupa, juu yataganda na chini yatabaki maji, na mtoto wa kwanza atavunja ganda kama yai. Na maji yawe ya moto. Najua mtabisha, hata mimi nilibisha. Maji ya moto yanalainisha tabaka la zamani yanashikana nalo, yakiganda yanakuwa kitu kimoja. Maji baridi yanalala juu tu kama mpangaji. Tembea kinyumenyume ukimwaga, usije ukajifungia katikati ya kazi yako. Eliya anamjua aliyejifungia. Alisimama katikati ya uwanja akatuimbia pambio mpaka barafu ikakauka.

Mifereji ya tyubu ni kazi nyingine. Kingo za pande zote mbili zishindiliwe kwa mgongo wa koleo, zifike magotini. Chini kabisa, pa kusimamia, tandika ile mikeka ya mpira. Siku ya baridi kali mfereji una mbio, ongeza mikeka, na anzisha watu chini kidogo ya kilele. Siku ya vuguvugu mfereji ni mvivu, ondoa mikeka, na mtu mzito msukume kwa mguu bila kumwambia. Na usimwachie wa pili mpaka wa chini ameinua mkono kwamba njia ni nyeupe. Hata kama foleni inanung'unika. Iache inung'unike, foleni zote zinanung'unika.

Na mvua, Eliya, sasa nimeifikia. Mvua ikinyesha halafu baridi ikapiga, mfereji unakuwa kioo. Usifungue. Usimsikilize mtu wa ofisini, hata akija na keki. Pitisha reki yenye meno kwa kukata njia, kushoto kwenda kulia, si kuifuata, mpaka ngozi ipasuke iwe na makovu. Ndipo uteremke wewe kwanza, wewe mwenyewe, kwa makalio yako. Leni aliteremka kila asubuhi ya Mungu kabla ya mteja yeyote. Alikuwa mzee mzima na uso wake haukubadilika, kama mtu aliyekaa kwenye basi.

Mteja aliyenipa shida kuliko wote alikuwa kipofu. Mtu mnene mchangamfu, alikuja na binti yake, akataka kuteremka, lakini si peke yake: alitaka mtu wa kumwambia kinachokuja. Binti aliogopa. Leni akaninyooshea kidole. Tukafunga tyubu mbili kwa kamba, nikamshika mkono. Kiingereza changu kilitosha kusema asubuhi njema na choo kiko wapi. Tulipoanza kwenda nikatafuta neno la kona, neno la kingo, neno la mti, sikupata hata moja, na kilima hakikunisubiri. Nikaanza kupiga kelele kwa Kirundi. Niliyataja yote: mti, anga, kingo, Mama Furaha na birika lake, Yesu. Tulipofika chini yule bwana alikuwa analia kwa kucheka. Akasema kitu, binti yake akakirudia polepole mpaka nikaelewa: baba anasema ameona kila kitu. Wakarudi tena mwaka uliofuata wakaniulizia.

Hicho ndicho kilichonishika pale. Miaka yote kabla ya hapo nilifanya kazi na mashuka na maboksi, vitu visivyokushukuru. Pale mtu anafika amekunja uso, amekamata nguzo, anasema mimi siwezi. Baada ya muda mfupi unasikia sauti yake chini, na unajua amerudi utotoni na ni wewe uliyemtengenezea njia.

Lakini nyumbani Kenmore mambo yalikuwa mengine. Winta yetu ya pili, Mama Devota alianguka. Alianguka kwenye ngazi za kanisa, baada ya ibada, mbele ya watu, akavunjika kifundo cha mkono. Yeye, ambaye bomba zima lilimjua kwa kutoanguka. Watu walimwinua wakimpa pole, na hakuna hata mmoja aliyecheka, na nadhani hilo ndilo lililomuuma zaidi. Kule kwetu kicheko kilikuwa kinakurudisha kwenye kundi. Tangu hapo Novemba ikiingia yeye anaingia ndani. Anakaa dirishani na blanketi, anahesabu magari ya majirani.

"Baba Devota," aliniambia, "udongo wa kambini ulikuwa na uso. Ukiuuliza, unakujibu. Huu mweupe hauna uso."

Halafu dada Yosefina akapona. Akapona vizuri kabisa, akatupa fimbo, na watoto wake wakamchukua wakamhamishia wapi? Louisville! Kule kule tulikotoka, mtaa wa pili na Devota wetu. Nilicheka peke yangu.

"Mgonjwa amepona, amehama," Mama Devota akasema. "Sisi huku tunamwuguza nani?"

"Winta moja tu, Mama Devota."

"Halafu?"

"Halafu tunakwenda."

Winta moja ikazaa nyingine, na ile nayo ikazaa. Tulikuja Buffalo kwa ajili yake, tukabaki kwa ajili yangu. Wajukuu walikua kwenye simu. Bibi anawauliza kwa Kiswahili, wao wanajibu kwa Kiingereza, na picha inagandaganda, anabaki ameishika simu akingoja uso usogee. Kila Oktoba aliniuliza, kila Oktoba nilijibu winta moja. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Leni naye akaondoka. Ilikuwa alasiri ya mwisho wa msimu, theluji imelowa, watu wachache. Nilimwona anaukunja ule mpira wa maji, anauning'iniza kwenye msumari wake bandani. Akapiga magoti akaweka kiganja kwenye barafu, kama siku ile ya chumvi. Akasimama akaenda kwenye gari lake. Nilidhani amesahau kitu nyumbani. Msimu uliofuata hakuja. Nikamwuliza mama wa ofisini, akasema, "Amestaafu." Basi! Alikuwa anakaa mji ule ule, na hakupanda kilimani tena hata siku moja.

Nilikasirika sana. Ninyi mnajua kwetu ilivyo. Mgeni akitaka kuondoka, anaaga mara ya kwanza, unamwambia kaa kidogo. Anaaga tena, unamletea maji. Akiinuka kweli unamsindikiza mpaka njiani, mnasimama mnaongea upya, anakusindikiza na yeye kidogo kurudi. Kuondoka peke yake ni nusu ya matembezi. Nikamlalamikia mke wangu.

"Hata kuaga! Miaka yote tumekula pamoja kwenye banda lile!"

"Kwani wewe ungeaga?"

"Mimi? Ningemuaga kila mtu. Na farasi."

Akavuta blanketi lake magotini. "Haya," akasema.

Sasa nafika kwenye winta yangu ya mwisho. Oktoba ilipofika nilijiandaa kuulizwa na sikuulizwa. Badala yake Mama Devota akasema, "Mwaka huu kanisa likija huko kwenu, nami nitakuja." Mnakumbuka ile Jumamosi yetu ya Februari, kanisa linapokuja na vani zake: akina mama wamefunga vitenge juu ya makoti, chupa za chai, mandazi, sambusa, mchungaji amevaa nyungo miguuni anatembea kama bata. Miaka yote yeye alibaki dirishani. Nilifurahi, na sitawaficha nilichowaza. Niliwaza: akiteremka mara moja, akicheka mara moja, amekwisha. Atanipa winta nyingine, na nyingine. Nimeona watu wengi wakibadilika kwenye kilima kile, kwa nini yeye asibadilike? Asubuhi ya siku hiyo nilimtengenezea mfereji wake, ule wa pembeni. Niliukwangua ukawa mpole kama godoro, nikauwekea mikeka yote niliyoipata. Eliya aliniuliza kama namngojea rais.

Wakafika. Akina mama wakaenda moja kwa moja bandani kwenye jiko la kuni, nikajua naye ataketi huko na kikombe. Kumbe natazama chini naona mtu anapanda kilima peke yake, hataki ile kamba ya kuvuta watu mpaka juu. Kitenge cha kijani juu ya koti. Anatembea polepole, vidole vimeelekea ndani, anatanguliza gumba, anauliza. Nilisimama kama mti. Watu kumi walipita pembeni sikuwaona.

"Ni huu?" akauliza alipofika, akiuangalia ule mfereji wa pembeni.

"Ndiyo. Huu nimekutengenezea. Huu ni wa polepole."

"Nani kakuambia nataka wa polepole?"

"Mama Devota, ule wa kati una mbio, leo kuna baridi..."

"Eliya, mwanangu," akasema, akanipita, "nishikie tyubu."

Eliya akaniangalia. Nikaangalia mfereji wa kati. Niliukwangua mwenyewe alfajiri, niliuteremka mwenyewe, nilijua kila kovu lake. Chini waliinua mkono. Nikaitikia kwa kichwa.

Alikwenda kimya. Nimesikia watu wakienda kwa mayowe, kwa sala, kwa matusi ya lugha zote, lakini yeye alikwenda kimya, kile kitenge kimesimama nyuma yake kama bendera, tyubu ikamzungusha akatutazama sisi, ikamzungusha tena akatupa mgongo, akawa mdogo, akafika kwenye mikeka akasimama. Bado kimya. Halafu kikaja kicheko. Nilikuwa sijakisikia tangu zile ngazi za kanisa, na nilikuwa nimesahau kwamba kinaanzia juu halafu kinashuka. Akina mama wakatoka ndani na vikombe kuangalia.

Sikungoja kitu. Nilimwambia Eliya ashike nafasi, nikachukua tyubu nikajitupa, na kwa haraka yangu niliikalia vibaya, mimi mwalimu wa wote, ikanipindua katikati nikamalizia kwa mgongo. Nikaishia miguuni pake. Alikuwa amesimama, mikono kiunoni, anahema. Akaniangalia pale chini.

"Kaka," akasema, "foleni inaanzia nyuma."

Aliteremka mpaka nikaacha kuangalia. Aliteremka na mchungaji, akateremka na Mama Furaha aliyefunga kibanda chake kwa ajili hiyo, wakipigana vijembe njia nzima. Baadaye tulikaa kwenye benchi lililo kati ya uwanja wa barafu na banda, tukanywa chai kwa mfuniko mmoja. Watoto walikuwa wanazunguka na viatu vyao vya kisu, na barafu ilikuwa nzuri siku ile, ngumu, haina kovu.

"Umeonaje?" nikamwuliza.

"Ni kuzuri," akasema. "Ni kuzuri sana, Baba Devota. Nilikuwa nadhani umeshikwa na ukaidi tu. Sasa nimeona umeshikwa na nini, hata sina kinyongo."

Nikaona mlango umefunguka. Nikavuta pumzi. "Basi, kama ni hivyo, labda winta moja..."

Akaweka mkono wake juu ya glavu yangu, ule mkono uliovunjika, ambao kidole chake kidogo hakinyooki.

"Nimekuja kukusindikiza," akasema.

Akainuka. Akarudi ndani kwa wenzake. Mimi nilikaa na chai mpaka ikapoa. Hakuna aliyenilazimisha, hilo mlijue. Angeweza kuondoka mwenyewe siku yoyote, dada yake alimwita kila wiki. Alingoja mpaka aje aone kwanza kile anachoniomba nikiache.

Alasiri watu walipopungua nilifunga mifereji, nikafunga kamba ya kuvuta. Nikaumwagia uwanja tabaka la mwisho la maji ya moto, kinyumenyume, mvuke ukinifuata usoni. Nikaukunja mpira wa maji nikauning'iniza kwenye msumari wa Leni. Pale kando ya uwanja nikapiga magoti, nikavua glavu, nikaweka kiganja. Glavu nikazitundika juu ya mpira. Nadhani zipo bado. Eliya, zivae, zina joto, ile ya kushoto ina tundu.

Mama Furaha alikuwa anafuta kibanda chake. "Muzee Sombe! Tutaonana lundi, eeh?"

Nilijua nikiaga kabla ya hiyo Jumatatu yake ataniambia kaa kidogo, nami nitakaa, kwa hiyo nikainua mkono tu. Farasi walikuwa wanarudishwa zizini, na mmoja alitikisa shingo, kengele zikalia nyuma yangu. Mama Devota alinipa kiwiko. Tukashuka kwenye maegesho, vidole ndani, gumba likitangulia, na sikugeuka mpaka tulipolifikia gari.